Walimu Watarajiwa, Tujifunze Hesabu ya Pumzi ya Ziwa

Wanachuo wenzangu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nikiwa TP kwenye shule moja ya sekondari kando ya ziwa, nilikuwa nafundisha mada ya oksijeni kidato cha pili. Nilikuwa nimejiandaa kisawasawa: andalio la somo limesainiwa, bango la manila limechorwa kwa makapeni za rangi tatu. Nikaandika ubaoni kwamba hewa ina asilimia 21 ya oksijeni, na kwamba samaki hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mjomba wangu analinda vizimba vya sato. Juzi alfajiri wamekufa wengi. Sasa kama hewa iko tele pale pale juu yao, kwa nini hawakuipata?"

Nikampa jibu la kwenye madesa: "Oksijeni ilipungua."

Akauliza tena, kwa adabu kabisa: "Ilipunguaje, Mwalimu, na hewa haijaisha?"

Darasa likacheka. Nikasema swali zuri, tutalirudia kipindi kijacho. Hatukulirudia. Kipindi kilichofuata nilifundisha haidrojeni.

Niliporudi chuo swali lile halikuniacha. Nikakaa kimbweta na rafiki yangu anayesomea uhandisi, tukalitafuta. Jibu lipo, tena lina umri mkubwa kuliko babu zetu. Lipo kwenye vitabu vya uhandisi wa kemikali, sura ya kukokotoa jinsi gesi inavyoingia kwenye kimiminika. Ni hesabu ya kujumlisha na kuzidisha, ya mtu yeyote aliyefaulu hisabati ya kidato cha pili. Hoja yangu kwenye makala hii ni moja: sisi tunaokwenda kuwa walimu kwenye mikoa ya ziwa tunapaswa kuijua hesabu hii na kuifundisha. Bila hiyo, samaki wakifa wananchi hubaki na kazi moja tu, kuchagua nani wa kumwamini.

Abiria wengi, mlango mmoja

Tuanze na kiasi. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alionyesha kwamba gesi huyeyuka kwenye maji kulingana na mgandamizo wake juu ya maji hayo. Ukiongeza mgandamizo, huyeyuka zaidi. Ukiupunguza, huyeyuka kidogo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu Mwanza ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam. Maji ya nyuzi joto 25 pale pwani hujaa oksijeni yakifika kama miligramu 8.2 kwa lita. Huku kwetu hujaa kwenye kama 7.2. Maji yakizidi joto, kiwango hicho hushuka zaidi.

Sasa linganisha na hewa. Lita moja ya hewa hapa Mwanza ina karibu miligramu 240 za oksijeni. Lita moja ya maji ya ziwa, hata yakiwa yameshiba kabisa, ina 7.2. Yaani samaki anaishi kwenye nyumba yenye oksijeni pungufu zaidi ya mara 30 kuliko yako na yangu. Hana akiba. Akikosa, anakosa mara moja.

Hicho ni kiasi. Swali la yule kijana lilikuwa la kasi: kama maji yamepungukiwa na hewa ipo juu, mbona haiingii haraka?

Fikiria kituo cha daladala jioni, abiria wamejaa, Hiace imefika na viti vitupu. Abiria si tatizo, viti si tatizo. Tatizo ni mlango. Watu wanaoingia kwa dakika wanategemea vitu viwili: upana wa mlango, na viti vilivyobaki wazi. Gari likikaribia kujaa, wanaingia mmoja mmoja. Likiwa tupu, wanaingia kwa fujo, lakini hata fujo ina kikomo chake, maana mlango haupanuki kwa sababu wewe una haraka.

Ziwani mlango huo ni utando mwembamba wa maji pale juu kabisa, yanapogusana na hewa. Mwaka 1923 mhandisi wa Marekani, W. G. Whitman, alieleza kwamba tuuchukulie mpaka wa gesi na maji kama una matabaka mawili membamba yaliyotulia, moja upande wa hewa na moja upande wa maji, na gesi lazima ipenye yote mawili. Kwa oksijeni, tabaka la hewa si kikwazo kabisa. Kikwazo ni lile la maji, kwa sababu oksijeni ikiwa ndani ya maji hujisambaza polepole karibu mara elfu kumi kuliko ikiwa hewani. Maji yakitulia tuli, oksijeni kushuka mita moja tu kwa kujisambaza yenyewe huchukua miaka kadhaa. Miaka, si masaa.

Kinachotuokoa ni mtikisiko. Upepo na mawimbi huyachanganya maji ya chini ya utando, na utando wenyewe unakuwa mwembamba. Wahandisi wamezikusanya habari zote hizo, upepo, mawimbi na wembamba wa utando, kwenye namba moja wanayoiandika kwa herufi k. Mimi hapa nitaiita kasi ya kupenya. Vipimo vyake ni mita kwa siku. Siku ya upepo wa wastani ziwani inaweza kuwa mita 1 au 2 kwa siku. Maji yakitulia sana hushuka mpaka nusu mita au chini ya hapo. Kasi ya kupenya ya mita 1 kwa siku ni sawa na kusema utando una unene usiofika robo ya milimita. Mwembamba kuliko ukucha wako, lakini ndio unaoamua nani aishi na nani afe kule chini.

Basi hesabu yote ni hii:

Oksijeni inayoingia = k × (kiwango cha kujaa − kiwango kilichopo) × eneo la uso wa maji

Hapo hamna kigeni. Kiwango cha kujaa ni zile 7.2. Miligramu kwa lita ni sawasawa na gramu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo huna hata haja ya kubadili vipimo. Kilichopo unakipima. Tofauti ya hivyo viwili ni viti vitupu.

Angalia jambo moja kubwa linalojificha ndani ya fomula hii. Kilichopo hakiwezi kuwa chini ya sifuri. Kwa hiyo, kama k ni mita 1 kwa siku, kiwango cha juu kabisa kinachoweza kuingia ni 1 × 7.2, yaani gramu 7.2 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hata samaki walie, hata maji yawe na njaa kiasi gani, hazizidi hapo. Hiyo ni dari. Naomba msomaji uikumbuke hiyo dari, tutairudia.

Vizimba alfajiri

Sasa nimjibu yule kijana, ingawa nimechelewa mwaka mzima.

Tuseme kizimba kina upana wa mita 6 kwa 6 na kina cha mita 3. Uso wake ni mita za mraba 36, ujazo wake mita 108. Tuseme kina tani moja ya sato, na kila kilo ya sato inatumia miligramu 200 za oksijeni kwa saa, kiasi cha kawaida kwa samaki wa namna hiyo kwenye maji yetu ya uvuguvugu. Tani moja itatumia gramu 200 kwa saa.

Mlango unaingiza ngapi? Hata tukitumia dari yenyewe, gramu 7.2 mara 36 ni gramu 259 kwa siku nzima. Kwa saa ni kama gramu 11. Mahitaji 200, mapato 11.

Kumbe basi sato wa vizimbani hawaishi kwa hewa iliyo juu yao hata kidogo! Wanaishi kwa mkondo wa maji unaopita katikati ya nyavu ukileta oksijeni iliyoingia mahali pengine, kwenye uso mpana wa ziwa, na ile iliyotengenezwa mchana na mwani. Mkondo ukisimama, kizimba kinabaki na akiba yake tu. Mita 108 mara 7.2 ni gramu 778. Gawanya kwa 200, haifiki hata masaa manne. Na samaki hawasubiri mpaka sifuri. Wanaanza kuhangaika mapema zaidi. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, nao unapumua kama sisi, ndiyo maana maafa yanaonekana alfajiri. Usiku wa shwari, vizimba vimebanana, nyavu zimeota ukoga hadi maji hayapiti: mjomba anaamka anakuta meupe yanaelea.

Hesabu hii ina faida ya pesa. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba vya kisasa hapa Mwanza, na vijana wengi wa rika letu wameingia kwenye ufugaji huo, wengine kwa mkopo. Mtu aliyeifanya hesabu anajua kwamba anapochagua mahali pa kizimba anachagua mkondo, si mandhari. Anajua kuacha nafasi kati ya kizimba na kizimba, na kusugua nyavu. Anajua pia kwamba kupuliza upepo juu ya maji si dawa ya kutosha. Dawa ni kuyatikisa maji yenyewe, kuyarusha au kuyapitishia mapovu, kwa sababu kikwazo kiko upande wa maji. Asiyeifanya atamlaumu jirani kwa uchawi au sumu, na mkopo atalipa vilevile.

Mto Mara, 2022

Lakini kilichonifanya niandike si vizimba. Ni Mto Mara.

Machi 2022, eneo la daraja la Kirumi mkoani Mara, karibu na mto unapoingilia ziwani, maji yalibadilika rangi yakawa meusi, yakanuka, samaki wakaelea. Picha zilisambaa nchi nzima. Waziri mwenye dhamana ya mazingira wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye ni mhandisi wa kemikali. Kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyosababisha oksijeni kwenye maji kupungua.

Mnakumbuka kilichofuata. Nchi ilicheka, nchi ikakasirika. Ng'ombe akawa mtuhumiwa wa mitandaoni. Wengi walisema hapo kuna sumu ya migodini inafichwa. Na swali lililorudiwa na kila mtu, kuanzia kijiweni mpaka kwenye redio, lilikuwa hili: ng'ombe wamekunywa mto huu tangu enzi za mababu, mbona samaki hawakufa siku zote hizo?

Ni swali zuri sana. Kosa letu, na hapa najiweka wa kwanza, ni kwamba tuliliuliza kama kejeli. Tungeliuliza kama hesabu. Tujaribu sasa.

Chukua maji yenye kina cha mita 2, kasi ya kupenya mita 1 kwa siku. Kitu kinachooza majini hula oksijeni. Tuseme kinakula gramu 1 kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Ukiweka kwenye fomula na kutafuta pale mapato yanapolingana na matumizi, maji yanatulia kwenye miligramu 5.2 kwa lita. Samaki wako salama. Ongeza uchafu mara mbili, maji yanatulia kwenye 3.2. Samaki wanadhoofu ila wengi wanaishi. Ongeza mara tatu, yanatulia kwenye 1.2. Sangara hayupo tena hapo. Mara nne: umepita dari, oksijeni ni sifuri, na maji yanaanza kuoza kwa njia nyingine, yanakuwa meusi, yananuka.

Umeona? Uchafu unaweza kuongezeka miaka na miaka na mvuvi asione chochote, kwa sababu bado uko chini ya dari. Kisha nyongeza ya mwisho, si kubwa kuliko zile za mwanzo, inaua kila kitu. Tena si lazima hata uchafu uongezeke. Rudi kwenye mzigo ule wa mara mbili, ambao samaki waliuvumilia. Sasa upepo ukate, maji yatulie, k ishuke kutoka mita 1 hadi nusu. Dari inashuka nayo, kutoka gramu 7.2 hadi 3.6, wakati matumizi ni gramu 4. Ng'ombe ni walewale, kinyesi ni kilekile, samaki wamekufa. Ongeza hapo mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, inayokusanya taka za miezi na kuzimwaga kwa siku mbili, au magugu maji yanayofunika uso na kuziba mlango wenyewe.

Kwa hiyo "mbona siku zote hawakufa" si hoja inayoiangusha kauli ya kamati. Jambo lenye dari huja ghafla.

Ila subirini kidogo, sijaitetea kamati. Hesabu hiyo hiyo inatupa haki ya kuihoji. Tuseme kinyesi cha ng'ombe mmoja mdogo wa kienyeji kinahitaji gramu 400 za oksijeni kwa siku ili kioze chote. Gawanya kwa dari ya 7.2, unapata mita za mraba kama 55. Yaani ng'ombe mmoja, kama kinyesi chake chote kinaingia majini, anahitaji uso wa maji wenye ukubwa wa darasa moja, mita 7 kwa 8, ufanye kazi kwa ajili yake peke yake. Sasa mwananchi anajua cha kuuliza. Ng'ombe ni wangapi? Ni sehemu gani ya kinyesi hufika majini, maana kingine hukaukia malishoni? Eneo la maji ni kiasi gani, na kina chake? Oksijeni ilipimwa saa ngapi, alfajiri au saa nane mchana, na kina gani? Upepo wiki ile ulikuwaje? Majibu yakiingia kwenye fomula na kulingana na kilichoonekana, tuamini. Yasipolingana, turudi tena kuuliza, na hapo hatutakuwa wapiga kelele.

Kuna na ushahidi wa wavuvi, ambao hauhitaji hata kifaa. Kamongo huja juu kuvuta hewa. Kambale naye anaweza kumeza hewa pale maji yanapokosa oksijeni. Sangara hana uwezo huo. Kwa hiyo kifo cha kukosa pumzi kina mpangilio: sangara anatangulia, kamongo na kambale wanabaki. Ukikuta na kamongo wanaelea, una sababu nzuri ya kuuliza kama kuna kitu kingine ndani ya maji zaidi ya upungufu wa oksijeni. Si ushahidi wa mwisho, ila ni swali lenye akili. Mwanzoni mwa 2021 wenzetu wa Uganda waliona sangara wakubwa wakielea kwa wingi, na serikali yao ikaeleza kwamba dhoruba zilichanganya maji ya chini yenye oksijeni kidogo na ya juu. Hata huko mjadala ulikuwa mkali. Ziwa ni moja, na ujinga wetu juu yake nao ni wa pamoja.

"Hiyo si kazi ya mwalimu"

Nimewajaribu hoja hii wenzangu hosteli, na majibu yao ni matatu.

La kwanza: hiyo ni ya wahandisi, sisi ni walimu. Nakubali kwamba mhandisi atatengeneza mtambo wa kunyonya gesi kiwandani, mimi sitatengeneza. Lakini mhandisi mmoja hufika kijijini baada ya samaki kufa. Mwalimu yuko pale kila siku. Na yule mhandisi naye alipitia kidato cha pili mahali fulani. Kama pale alijibiwa "oksijeni ilipungua" na kipindi kikaisha, sijui alifikaje.

La pili: mtaala umejaa, mtihani wa taifa hauulizi hayo. Hapo kuna ukweli unaouma. Lakini sisemi tuongeze mada. Oksijeni imo, umumunyifu umo, kasi ya mabadiliko imo, eneo na ujazo vimo kwenye hisabati. Vyote vipo ila vimekaa kama wapangaji wasiosalimiana. Ninachosema ni tutumie ziwa kuwakutanisha. Mwanafunzi wa Kayenze au Igombe anayesikia harufu ya ziwa dirishani anafundishwa umumunyifu kwa mfano wa soda. Soda si mbaya, ila mjomba wake hafugi soda.

La tatu: maabara hamna. Hili nalo nilikuwa nalisema, mpaka nilipokutana na jaribio la chupa ya buluu. Weka kwenye chupa ya kioo maji yenye glukosi na haidroksaidi ya sodiamu kidogo, dondoshea matone machache ya methilini buluu, funga. Ukiiacha itulie, rangi inapotea. Glukosi imemaliza oksijeni. Itikise, rangi ya buluu inarudi. Oksijeni ya hewa ya ndani imeingia. Iache tena, utaona buluu inang'ang'ania juu kabisa, kwenye mstari mwembamba pale maji yanapogusana na hewa, huku chini kumekuwa cheupe. Huo mstari ndio mlango wetu. Tikisa kidogo, buluu kidogo. Tikisa sana, buluu ya muda mrefu. Mwanafunzi ameiona k kwa macho yake. Angalizo tu: haidroksaidi ya sodiamu huunguza, kwa hiyo glavu na miwani ya kinga, na mwalimu ndiye anayeichanganya.

Na kupima oksijeni ya ziwa lenyewe? Mbinu ya Winkler imekuwepo tangu 1888, na mwisho wake ni titresheni, kwa bureti na pipeti zilezile tunazotumia kuwaandaa watoto kwa mtihani wa vitendo. Kemikali zinazoongezeka ni chache.

Tuanzie wapi

Pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi na kwa idara yetu ni dogo. Sisi wa sayansi tunaopangiwa TP shule za kando ya ziwa, kuanzia awamu ijayo, twende na chupa za sampuli na maelekezo ya Winkler yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Kila shule ipime mara moja kwa wiki, alfajiri na mchana, mahali pamoja, iandike na hali ya upepo. Daftari libaki shuleni, mwingine akija aendeleze. Hapa Mwanza tuna kituo cha TAFIRI, watafiti wa samaki. Tuwaombe watusahihishe pale tunapokosea. Wiki sita za TP hazitoshi kugundua chochote. Miaka mitano ya madaftari ya shule ishirini ni jambo jingine, na siku maji yatakapobadilika rangi tena, kuna kijiji kitakuwa na namba zake mkononi kabla kamati haijapanda gari.

Nasisitiza Kiswahili kwa sababu maalumu. Yule kijana aliniuliza kwa Kiswahili, nami kichwani nilikuwa na sentensi ya Kiingereza niliyoikariri. Ndiyo maana nilikwama. Ningekuwa nimeielewa hesabu kwa lugha ninayoombea chumvi mezani, ningempa abiria, mlango na viti vitupu, na angekwenda kumweleza mjomba wake jioni ile ile.

Mwaka huu naomba nipangiwe shule ileile. Yule kijana atakuwa kidato cha tatu sasa, na mimi bado nina kipindi chake sijakifundisha.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya ualimu.